Maradhi ya Tangu Tumboni

Leo nimeomba nafasi hii niseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu wasikilizaji huenda mkaliona dogo kabla hamjalisikiliza, nalo ni taabu ya mtu aliyepewa au aliyenunua mtoto wa mbwa wa jamii ndogo, wale ambao mjini tumezoea kuwaita mbwa wa kizungu, akampenda, akamzoea, kisha akagundua kwamba kiumbe huyo alitoka tumboni mwa mama yake na maradhi makubwa, ambayo hayakuletwa na chakula, wala na baridi ya Julai, wala na jicho la jirani.

Nalisema jambo hili kwa sababu katika miaka ya karibuni mbwa hawa wamekuwa wakipakiwa ndani ya mabasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, wakija kwetu Upare, milimani na huku bondeni Same, katika vikapu na maboksi, zawadi za watoto kwa wazazi wao waliobaki peke yao nyumbani, na mara nyingi hufika bila neno lolote la maelezo juu ya afya yao. Mpare anamjua mbwa. Babu zetu waliishi na mbwa wa kuwinda na wa kulinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe mwitu, na mbwa yule wa asili, mwenye manyoya mafupi na miguu mirefu, tuliona kwamba hakuhitaji tabibu. Lakini ukweli ni kwamba mwenye afya aliishi, na mwenye kasoro alikufa katika wiki za kwanza nyuma ya ghala pasipo mtu kujua, hata tukapata dhana kwamba mbwa wetu hawazaliwi na kasoro. Huzaliwa nazo, ila hapakuwa na mtu aliyewahesabu.

Namfahamu mama mmoja hapa mjini, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu hata leo, aliyeletewa na mwanawe kijibwa jike mweupe wa jamii ya Malta, mwenye nywele ndefu laini na uzito usiofikia kilo mbili, akampa jina la Pamba. Wiki za kwanza zilikuwa za furaha, ijapokuwa Pamba hakukua kama ilivyotazamiwa, alikula leo akakataa kesho, na alikunywa maji mengi kuliko umbo lake. Mwalimu, kwa kutaka kumnenepesha, akawa anamnunulia buchani utumbo na vipande vya ini, anavichemsha mpaka vinalainika, anampa bakuli zima mchana. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, nikayaona kwa macho yangu yale aliyokuwa akinieleza. Saa moja hivi baada ya kula, Pamba aliinuka akaanza kutembea akiufuata ukuta wa sebule, akazunguka mara nyingi pasipo kusimama, ute ukimdondoka kidevuni mpaka kifuani. Kisha akafika pembeni, pale kabati linapokutana na ukuta, akaliegemeza paji la uso wake ukutani akawa anasukuma kwa nguvu zake zote, kucha zikiteleza juu ya sakafu ya saruji, macho yamefunguka lakini hayaoni. Mwalimu alimwita kwa jina, akapiga makofi, akamgusa mgongoni: hakugeuka. Hali hiyo ilidumu hata maji ya chai tuliyokuwa tumeinjika yakachemka, kisha akalala palepale. Na jioni aliamka akamvuta mjukuu ndara yake mguuni, akicheza kama hakuna lililotokea.

Jirani wa kwanza aliyeingia alikuja na fimbo, akasema ni kichaa cha mbwa. Wa pili hakuvuka kizingiti. Alisema mnyama huyu ana nuksi, na kwamba nyumba iliyompokea itakuja kujuta. Na Mwalimu mwenyewe, baada ya wote kuondoka, aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujihukumu: “Nimemlisha nini mimi?” Hofu, ushirikina na majuto, haya ndiyo humfikia karibu kila mtu mwenye mnyama wa namna hii, na kila moja lastahili jibu la heshima, kwa kuwa kila moja lina asili yake.

Hofu ya kichaa cha mbwa ni hofu ya haki. Maradhi hayo yapo nchini mwetu, hupita katika mate, na yakishajidhihirisha kwa mtu hayana tiba. Kwa hiyo yeyote aliyemtazama Pamba siku ile akaogopa hakukosea. Lakini kichaa cha mbwa hakiji kikaondoka. Mbwa aliyeshikwa nacho huzidiwa siku hata siku, na aghalabu hufa katika muda wa siku 10 tangu dalili zionekane, ilhali Pamba alikuwa na hali ile kwa wiki nyingi, ikimjia baada ya chakula na kumwondokea kwa usingizi. Bwana mifugo alipoitwa aliitambua tofauti hiyo kwa maswali, kabla hajamgusa mnyama: Shikamoo Mwalimu, amechanjwa? Amepata kuumwa na mbwa mwingine? Hali hii humjia saa ngapi, na alikuwa amekula nini? Hata hivyo aliagiza kijibwa atengwe na watoto, na mate yake yasiguswe, mpaka siku 10 zipite. Nami nasema aliagiza vema. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa ambaye hali yake haijulikani aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Juu ya nuksi nitasema taratibu, kwa sababu hapo twagusa kidonda cha kale. Huko Mbaga wenyeji bado huwaonyesha wageni Jiwe la Malameni, nao husimulia kwamba mahali hapo, zamani, watoto walitolewa kafara ili mabaya yaondoke katika nchi. Wala mawazo ya namna hiyo hayakuwa ya Upare peke yake: pwani na bara, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akaogopwa, na uhai wake ukaingia mashakani kwa ajili ya jino. Simlinganishi mwana wa Adamu na mbwa. Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba fikra iliyowahukumu watoto wale na fikra iliyomzuia jirani asivuke kizingiti cha Mwalimu zina shina moja, nalo ni kudhani kwamba kiumbe aliyezaliwa tofauti ametumwa na habari inayotuhusu sisi. Pamba hakutumwa na habari yoyote. Alizaliwa na ugonjwa, na ugonjwa wake una mahali ulipo mwilini, mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Mahali penyewe ni hapa. Ninyi wa milimani mnaijua ndiva, bwawa ambalo wazee wetu walilijenga lipokee maji ya kijito usiku kucha, takataka zitulie chini, na asubuhi maji yafunguliwe yashuke kwa mifereji mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ini ni ndiva ya mwili. Damu itokayo tumboni na katika utumbo baada ya chakula hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa, ikapelekwa kwanza katika ini, na humo hutolewa sumu zake kabla haijaruhusiwa kwenda moyoni na kuenea kwingineko. Mtoto angali tumboni hana haja kubwa ya kazi hiyo, kwa maana mwili wa mama humfanyia. Kwa hiyo maumbile yamemwekea njia ya kando inayolipita ini, njia ambayo hujifunga yenyewe katika siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa baadhi ya mbwa wa jamii kubwa njia hiyo hukataa kufunga. Kwa hawa wadogo, wa Malta, Yorkshire Terrier, Shih Tzu, Pug na wengineo, aghalabu kasoro ni nyingine: ni mshipa wa ziada uliojitengeneza nje ya ini wakati viungo vikiumbika, ukaiunganisha damu ya utumbo moja kwa moja na mshipa mkuu urudio moyoni. Kwa vyovyote maji yameipita ndiva yakaingia shambani na uchafu wake. Sumu iliyo mashuhuri kati ya hizo ni amonia, ambayo kwa sehemu kubwa huzalishwa na vijidudu vya utumbo mpana vinapovunja protini ya chakula. Ikiufikia ubongo, mnyama hupumbaa, huzunguka, hutokwa na mate, huusukuma ukuta kwa kichwa, na pengine hushikwa na degedege. Ini nalo, kwa kukosa damu ya kulilisha, hubaki dogo, na mwili wote hudumaa pamoja nalo.

Basi swali la Mwalimu lilikuwa limekwisha kujibiwa. Utumbo na ini alivyompikia vilizidisha dalili, havikuleta ugonjwa. Mshipa ule ulikuwapo kabla yeye hajajua kwamba kuna Pamba duniani. Nimelikaza neno hili kwa sababu nimeona jinsi majuto yanavyomnyima mtu nguvu ya kufanya lililo mbele yake. Mwenye kujilaumu hujaribu hiki na kile, leo mitishamba, kesho vidonge vya jirani, kesho kutwa anamnyima mnyama chakula kabisa, kwa kuwa anatafuta kusamehewa zaidi kuliko anavyotafuta kuelewa. Ilhali maradhi ya namna hii yanataka mtu mtulivu, mwenye saa ukutani na daftari mezani.

Bwana mifugo yule alifanya jambo moja ambalo ningependa lijulikane katika kila wilaya. Aliukinga mkojo wa Pamba katika kichupa safi, akautazama kwa hadubini ya kawaida, akaona humo fuwele za rangi ya kahawia zenye miiba miiba, ambazo hutokana na amonia na asidi ya yuriki zinapozidi, na ambazo kwa mbwa mchanga wa jamii hii ni ishara ya kutosha kulitilia shaka ini. Ishara hiyo haikuwa hukumu. Hukumu hutolewa na damu, kwa kupima asidi za nyongo mara mbili, mara ya kwanza mnyama akiwa na njaa na mara ya pili saa mbili baada ya kula: ini linalopata damu yake huziondoa asidi hizo upesi, na lisiloipata huziacha zikapanda mno. Kwa kipimo hicho Mwalimu alisafiri, Pamba akiwa mapajani ndani ya kitenge, hajala tangu usiku, na katika mkoba kichupa cha asali kwa agizo la bwana mifugo, kwa sababu vijibwa hawa wakikaa na njaa sukari ya damu yao hushuka ghafula, wakatetemeka na kuzimia, na asali au sukari ikipakwa ufizini huweza kuwaokoa mpaka wafikishwe kwa daktari. Majibu yalipotoka yalikuwa kama ilivyodhaniwa.

Kuanzia hapo nyumba ile ilibadili mwenendo wake, nami nauelezea kwa urefu kwa kuwa ndio moyo wa jambo lenyewe. Chakula kiligawanywa kikawa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku badala ya bakuli moja la mchana. Utumbo, ini na damu ya buchani vilikoma. Mahali pake pakaja wali laini, yai lililochemshwa, na maziwa ya mgando, kwa kuwa protini ya maziwa na mayai, kadhalika ya soya, hustahimiliwa na wagonjwa wa namna hii kuliko ya nyama nyekundu. Lakini daktari alionya kwamba protini isikatwe yote, kwa maana mtoto anayekua akiikosa hula misuli yake mwenyewe. Mjukuu alitaka kumpa makande, chakula chetu cha heshima, akazuiwa, kwa kuwa makande ya nyumbani hutiwa vitunguu, na kitunguu ni sumu kwa mbwa yeyote, mgonjwa na mzima. Dawa iliyoandikwa ilikuwa laktulozi, maji matamu mazito yanayouzwa katika maduka ya dawa za binadamu kwa ajili ya kulainisha choo. Humo utumboni huigeuza amonia isiweze kupenya kwenda katika damu, na huharakisha uchafu utoke. Pamoja nayo alipewa kwa muda antibayotiki ya kupunguza vijidudu vinavyoizalisha sumu hiyo. Vipimo vya dawa sitavitaja hewani, kwa kuwa mbwa wa kilo moja na nusu hana nafasi ya kosa la kijiko.

Vilevile yapo mambo ya kujiepusha nayo, ambayo huku kwetu ni hatari zaidi kuliko mijini. Wengi wetu tuna desturi ya kuchota dawa ya josho la ng'ombe na kumwogeshea mbwa ili kupe watoke. Dawa hiyo huweza kumdhuru hata mbwa mkubwa mwenye afya. Kwa kijibwa ambaye ini lake halisafishi sumu ni karibu sawa na kumwua. Kadhalika dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za minyoo na za maumivu, hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kawaida, hata wapo wanaogundulika kwa njia hiyo tu: walilazwa kwa operesheni ndogo ya kufungwa kizazi, wakakawia kuamka kupita kiasi. Neno la kwanza la mwenye mbwa kwa tabibu yeyote, kabla ya sindano yoyote, liwe kumweleza habari ya ini.

Upo upasuaji unaoweza kuuziba mshipa wa kando, na kwa wengi wanaouwahi umefanikiwa sana. Ustadi wake ni katika kuuziba polepole, kwa maana ini lililozoea kupata damu kidogo likielekezewa yote kwa mara moja hulemewa. Kwa hiyo madaktari huuvisha mshipa pete ndogo, nje ni chuma kisichoshika kutu na ndani ni kaseini, yaani ile protini ya maziwa iliyokazwa ikawa ngumu, ambayo ikifyonza maji ya mwilini huvimba kwa wiki kadhaa na kuubana mshipa taratibu. Au huuzungushia ukanda wa selofani, ambao huufanya mwili wenyewe ujenge kovu la kuufunga. Kazi hii yataka picha za ndani ya mwili, nusukaputi inayosimamiwa vema na mkono uliozoea, na gharama yake si ya kila nyumba. Anayetaka kuuliza habari zake hapa nchini na aanzie kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chuo kilichosimama kwa jina hilo tangu 1984 na kinachowafundisha madaktari wetu wa mifugo. Mwalimu aliuliza, akafanya hesabu ya kiinua mgongo chake na ada ya shule ya mjukuu, akaamua kubaki na chakula na dawa. Sikumlaumu, wala sitaki mtu awaye yote amlaumu. Wako mbwa wanaoishi miaka kadhaa kwa chakula na dawa peke yake, na wako wasiofika mwaka. Naye alilijua hilo alipochagua.

Na kwa yule ambaye mnyama wake hafiki? Zamani, na hata sasa, mbwa aliyeshindikana hupigwa jiwe, au hupelekwa porini akaachwa huko afe kwa kiu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili juu ya mnyama, lakini hata pasipo sheria, mtu aliyemlisha kiumbe kwa mkono wake hawezi kuutumia mkono uleule kumtupa. Degedege zikifuatana, chakula kikikataliwa, na siku mbaya katika daftari zikawa nyingi kuliko njema, daktari wa mifugo anaweza kumlaza usingizi usio na maumivu, na mwenyewe anaweza kukaa karibu naye hadi mwisho. Hiyo ni rehema, nami nasikitika kwamba wengi huiona kuwa usaliti na kumwacha mnyama ateseke wiki nzima ili wao wasiwe waliosema neno la mwisho.

Wengine watasema: huyo ni mbwa tu. Ndugu zangu Waislamu, ambao ni wengi hapa Same na kule Kihurio, wataniambia kwamba mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nakubali, na nyumba inaweza kupangwa ili twahara isivunjike, mbwa akae baraza ya nyuma na bakuli lake likae mbali na vyombo vya watu. Lakini dini hiyohiyo imewafundisha habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akaghufiriwa kwa tendo hilo. Kuhusu machozi ya mtu anayemlilia mnyama, naomba tuyaheshimu. Mjane anayeamka saa kumi na moja alfajiri kumpa kijibwa dawa anayo sababu ya kuamka. Ukimcheka, umecheka kitu usichokijua.

Kabla sijasema juu ya wanaouza, niwape kwanza kisa cha jirani. Hapa karibu nasi, mwendo mfupi kutoka mjini, liko lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, nchi iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Huko Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson, yule mlezi wa simba, kule Kora nchini Kenya, alianzisha katika miaka ya 1990 ufugaji wa mbwa mwitu, wale wa madoa, ili wasitoweke. Mwezi Desemba 2000 maradhi ya kuambukiza, yale yanayowashika mbwa wa nyumbani vilevile na ambayo madaktari huyaita distempa, yaliingia kundini, na katika muda wa miezi miwili yakaua mbwa 49 kati ya 52. Kazi ikabidi ianze upya. Nalitaja tukio hilo kwa sababu kuna watu ambao, wakisikia kwamba ugonjwa wa kijibwa wao ni wa kuzaliwa nao, hukata tamaa na kuacha hata chanjo, wakisema amekwisha. Kumbe mnyama dhaifu ndiye anayehitaji kukingwa zaidi, kwa ushauri wa daktari, asije akauawa na lile linalozuilika huku tukimhangaikia kwa lile lisilozuilika.

Nalitaja pia kwa sababu ya nasaba. Mtu mwenye kuhifadhi wanyama wachache huandika baba na mama wa kila mtoto, kwa hofu ya ndugu kupandana na kasoro zilizofichika kukutana. Mfugaji wa ng'ombe huku kwetu analijua hilo. Akiona dume limekaa zizini muda mrefu hulibadilisha. Lakini anayefuga vijibwa kwa ajili ya soko, na hapa sisemi juu ya duka wala mtu fulani, mara nyingi ana jike mmoja na dume mmoja, pengine wa tumbo moja, na kila mwaka hutoa watoto wa kuuza, na aliyedumaa humwuza kwa bei ya juu zaidi akimsifu kuwa ni mdogo wa ajabu, ilhali udogo ule ndio dalili yenyewe. Kasoro hii ya ini imeonekana ikirithiwa katika jamii kama Yorkshire Terrier. Mbwa aliyezaa mtoto mwenye nayo hafai kupandishwa tena, wala ndugu za mtoto huyo hawafai. Sisi Wapare tumesifika kwa kuidai haki mpaka ipatikane. Ni wazee wetu hawa ambao mwaka 1945 walikusanyika hapahapa Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru. Basi tusione haya kumwuliza muuzaji maswali mepesi: naweza kumwona mama yake? Baba yake ni nani, na wana uhusiano gani? Watoto wa uzao uliopita wako wapi, na wako hai? Asiyetaka kujibu, pesa yako na ibaki mfukoni.

Pamba alipotimiza umri wa kupandishwa, alikuja kijana mmoja kutoka Mwanga, mwenye adabu, amevaa shati lililopigwa pasi, na dume lake jeupe chini ya kwapa. Alikuwa amesikia kwamba kwa Mwalimu kuna jike wa jamii hiyo, naye alitaka wagawane watoto nusu kwa nusu. Mwalimu alimkaribisha chai, akamwambia kwamba Pamba hatazaa, akamweleza kwa nini, tangu ukuta na kabati mpaka laktulozi. Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba lake nalo hulala sana baada ya kula, na kwamba lilinunuliwa kwa muuzaji yuleyule wa Pamba. Mwalimu akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni majina ya vyakula, vya kumpa na vya kumnyima, akaandika na jina la kipimo cha damu, na chini yake akapigia mstari maneno haya: “Usimpandishe kabla hujampima.”